Uraia kwanza, ploti baadaye: ardhi ya Pwani kwa aliyechukua uraia wa nje

Swali la msomaji: "Mimi ni mzaliwa wa Malindi na naishi Ujerumani tangu 1998. Mwaka 2006 nilichukua uraia wa huku, pasipoti ya Kenya nikairudisha. Kabla ya hapo, 2003, nilikuwa nimenunua ploti ya robo ekari Malindi mjini. Hati yake ni ya kudumu na ina jina langu la usichana. Baba alifariki 2019 akaacha shamba la ekari sita Kakuyuni, mpaka leo liko kwa jina lake, na sisi tuko watoto watatu. Sasa mimi na mume wangu, ambaye ni Mjerumani, tunataka kiwanja karibu na ufuo Watamu tujenge nyumba ya uzeeni. Kaka yangu anasema tuandike kila kitu kwa jina lake ili tusisumbuliwe. Je, mimi kisheria naruhusiwa kumiliki nini?"

Dada yangu, pole kwa msiba wa baba.

Sheria ya Kenya inakuruhusu mengi kuliko ulivyoambiwa, ila inataka uende kwa mpangilio. Mali zako tatu, yaani ploti ya Malindi, shamba la Kakuyuni na kiwanja cha Watamu, zinaangukia kwenye kanuni tatu tofauti, na katika zote tatu swali la kwanza ni moja: siku unapotia saini, wewe ni raia wa Kenya au si raia? Ukisaini ukiwa si raia, utabanwa kote. Ukisaini ukiwa raia, vizuizi vingi vinaondoka. Kwa hiyo usitie saini karatasi yoyote ya ardhi, hata ya kaka, mpaka uraia wako uwe umerudi.

Tuanze na hapo. Katiba ya zamani ilisema mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari, uraia wa Kenya unamtoka palepale. Wewe uliupoteza mwaka 2006, na hata kama pasipoti ungebaki nayo ungeupoteza vilevile. Katiba mpya ilianza kazi tarehe 27 Agosti 2010. Tangu siku hiyo, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa sababu tu amepata mwingine. Ibara ya 14 inaongeza jambo linalokuhusu wewe hasa: aliyekuwa raia wa kuzaliwa na akaupoteza kwa kuchukua uraia wa nje ana haki ya kurudishiwa akiomba. Ni haki yako, si hisani ya ofisa yeyote.

Wengi walio Ujerumani walisita, na walikuwa na sababu. Sheria ya huko ilikuwa ikimvua uraia Mjerumani anayeomba uraia mwingine bila kupata kibali kwanza. Kifungu hicho kimeondolewa tangu tarehe 27 Juni 2024. Ombi lako likiwasilishwa na kukubaliwa sasa, ule wa Ujerumani haukutoki. Tunza karatasi zote zinazoonyesha tarehe, maana siku moja utaulizwa na mamlaka za huko ni lini hasa ulirudishiwa uraia wa Kenya.

Maombi hupitia Idara ya Uhamiaji, na ubalozi wa Kenya ulioko Berlin utakuelekeza namna ya kuyawasilisha ukiwa huko. Andaa cheti chako cha kuzaliwa cha Kenya, nakala ya pasipoti ya zamani au kitambulisho, cheti cha uraia wa Ujerumani na pasipoti yake, cheti cha ndoa na picha. Cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa Kijerumani kitahitaji tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Mambo mengi hukwama kwenye majina: cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, pasipoti ya Ujerumani ina mawili, na la mwisho ni la mume. Apa kiapo kwa wakili kinachosema kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, na ukitumie kiapo hichohicho kila mahali. Ukipata cheti cha kurejeshewa uraia, fuatilia kitambulisho na pasipoti, kisha hakikisha jina kwenye PIN ya KRA, yaani namba yako ya mlipa kodi, linalingana navyo. Bila PIN hakuna ardhi inayohamishwa.

Watoto wako nao usiwasahau. Katiba inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtoto ambaye mama au baba yake ni raia, hata akizaliwa nje ya Kenya, na inawafikia pia waliozaliwa kabla ya 2010 ambao mzazi wao ni raia au aliwahi kuwa raia.

Kuna onyo moja hapa. Watu wengi waliopoteza uraia kabla ya 2010 walibaki na kitambulisho cha zamani, na hukitumia kununulia mashamba. Kitambulisho hakimfanyi mtu kuwa raia. Kibali cha ardhi kilichopatikana kwa kusema "mimi ni Mkenya" wakati si kweli ni kibali kibovu, na ubovu huo hujitokeza wakati mbaya kabisa: ndugu wanapogombana, au mnunuzi wa baadaye anapoleta wakili mkali. Kwa ndugu zako waliochukua uraia wa nje baada ya Agosti 2010, wao hawakuupoteza ule wa Kenya, lakini walitakiwa kutangaza uraia wao wa pili ndani ya miezi mitatu. Kutotangaza ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ambaye hajatangaza aende kwa wakili kabla hajaenda kwenye ardhi.

Sasa ploti ya Malindi. Hati yako imeandikwa umiliki wa kudumu, ule ambao mawakili huuita frihodi. Lakini Ibara ya 65 inasema asiye raia hawezi kushikilia ardhi ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa wale waliokuwa na frihodi siku Katiba ilipoanza na hawakuwa raia, jedwali la sita la Katiba lilieleza wazi: umiliki huo unarudi kwa Jamhuri, na dola inampa mwenyewe mkataba wa kukodi wa miaka 99 kwa kodi ndogo ya jina tu. Tarehe 27 Agosti 2010 wewe hukuwa raia. Kwa hiyo, ingawa karatasi yako haijabadilika, mbele ya Katiba unachoshikilia ni miaka 99 inayoishia 2109.

Usiogope. Nyumba yako inabaki yako, waweza kuijenga, kuipangisha, kuiuza na kuirithisha. Ila usidhani kwamba uraia ukirudi, frihodi inajirudia yenyewe. Katiba haisemi hivyo popote. Ukishapata cheti, mwambie wakili amwandikie msajili wa ardhi, aambatishe cheti, aombe rejista isahihishwe kulingana na hali yako ya sasa, na jibu litakalotoka ulihifadhi pamoja na hati. Usiiuze ploti kwa kunyamaza kama kwamba hakuna kilichotokea.

Kuwa raia kuna faida nyingine hapa ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema muda wa kukodi ukiisha, aliyekuwa akiishikilia ardhi hupewa nafasi ya kwanza ya kupewa tena, mradi awe raia wa Kenya na ardhi isiwe inahitajika kwa matumizi ya umma. Asiye raia hana ahadi hiyo. Kwako wewe 2109 ni mbali, lakini ploti ya kukodi iliyobakiza miaka 20 ni hesabu nyingine kabisa.

Ploti yenyewe inalindwaje na wewe uko mbali? Lipa reti, yaani tozo za kaunti kwa ploti, kila mwaka, kwa sababu malimbikizo yana riba na bila cheti cha kuonyesha hudaiwi hutaweza kuhamisha chochote. Omba upekuzi rasmi wa rejista angalau mara moja kwa mwaka uone kama jina bado ni lako. Na usiiache wazi. Sheria ya Kenya inampa mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine miaka 12, waziwazi na bila ruhusa, njia ya kwenda mahakamani kudai iwe yake. Neno lenye uzito hapo ni "bila ruhusa". Mlinzi au jamaa unayemweka hapo mwandikie barua fupi, isainiwe na nyote wawili, isemayo kwamba anakaa kwa idhini yako na ataondoka ukimtaka. Karatasi hiyo moja inazima dai la miaka 12.

Shamba la Kakuyuni ndilo lenye mtego mkubwa, na hapo ndipo mpangilio unapoonyesha faida yake. Kwanza, usikubali kuambiwa kwamba uraia wa Ujerumani umekutoa kwenye mirathi. Mtoto ni mtoto. Kinachobadilika ni aina ya umiliki unaoweza kuupokea, si haki yako ya kurithi. Karatasi yoyote ya kujiondoa kwenye mirathi, hata ikiletwa na ndugu kwa nia njema, usiisaini kabla wakili wako mwenyewe hajaisoma.

Mali ya marehemu haigawiwi kwa kikao cha familia peke yake. Lazima mmoja wenu au wawili waombe usimamizi wa mirathi mahakamani. Familia ikiwa ya Kiislamu, kwa Kadhi. Kwenye mahakama za kawaida, usimamizi huo huthibitishwa baada ya miezi sita, na uthibitisho ndio hutaja nani anapata nini. Ndipo msajili wa ardhi atakapobadilisha jina.

Sasa mtego. Ardhi ya kilimo iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967. Kuuza, kukodisha, kugawa, vyote vinahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Na sheria hiyo haiipi bodi hiari: mpokeaji akiwa si raia wa Kenya, bodi lazima ikatae. Rais anaweza kutoa msamaha, lakini usipange maisha yako kwa kuutegemea. Mirathi imetolewa nje ya kanuni hiyo, kwa sharti moja: shamba lisikatwe vipande vyenye hati tofauti. Mkilipokea likiwa zima, kila mmoja na hisa yake, bodi haihusiki. Siku mtakapotaka kulikata mara tatu, bodi inaingia, nawe ukiwa bado si raia, kipande chako kinakwama.

Ndugu wengi hufika hapo, wakaambiwa na mtu wa ofisini "basi mwandikeni yule aliye hapa", na sehemu ya dada ikapotelea hapo bila mtu yeyote kukusudia kumdhulumu. Kwa hiyo kesi ya mirathi inaweza kuanza hata leo, ila ugawaji usubiri cheti chako cha uraia. Hata mkiwa raia wote watatu, bodi itatazama kama vipande vitabaki na faida ya kilimo. Mkiona ekari mbili mbili zitaleta ubishi, kumiliki kwa pamoja kwa hisa zilizowekwa na mahakama ni suluhisho zuri, na linaepusha gharama ya mpima ardhi.

Na jueni pia kwamba ombi la kibali hupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano yafanyike. Mkipitiliza, au mkipuuza bodi kabisa, makubaliano huhesabiwa kuwa batili. Aliyelipa hubaki kudai fedha zake kama deni.

Tuje Watamu. Neno "karibu na ufuo" ni la dalali. Sheria ina kipimo chake. Tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Ardhi, safu ya kwanza na ya pili za ploti kutoka alama ya maji makuu ya Bahari ya Hindi, yaani pale maji yanapofika bahari ikijaa, ni ardhi inayodhibitiwa, sawa na ukanda wa kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu, ambao huko kwetu unagusa sehemu kama Vanga, Lunga Lunga na Taveta. Asiye raia hawezi kununua wala kukodi humo bila idhini ya maandishi ya Waziri wa Ardhi, na idhini hiyo hutangulia. Kampuni yenye mwanahisa hata mmoja asiye raia nayo huhesabiwa kuwa si raia. Kwa hiyo ule mpango wa kufungua kampuni, wewe hisa 99 na mume hisa moja, hausaidii; hiyo hisa moja ndiyo inayoharibu.

Ukiwa umerudishiwa uraia na ukinunua peke yako, mlango huo uko wazi kwako kama kwa Mkenya mwingine. Ukiweka jina la mume kwenye hati, mnarudi kwenye idhini ya Waziri, na kama ardhi ni ya kilimo, kwenye ukuta wa bodi. Muulize mpima ardhi, si dalali, ploti iko safu ya ngapi na iko ndani ya mji au ni ya kilimo. Majibu yaje kwa maandishi na ramani.

Kisha chunguza asili ya hati. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ploti ya ufukweni Nyali, ambako Kaunti ya Mombasa ilikuwa imebomoa ukuta ili kufungua njia ya umma ya kwenda baharini. Mnunuzi alikuwa na hati. Alishindwa, kwa sababu ploti ilitolewa mwanzo bila utaratibu kufuatwa, na mahakama ikasema hati pekee haitoshi: mnunuzi lazima athibitishe jinsi ardhi ilivyotoka mkononi mwa umma mpaka ikamfikia. Kwa ploti za ufuo hilo ndilo somo la kwanza. Taka nakala ya kadi ya masjala yenye historia yote ya wamiliki, barua ya ugawaji wa awali kama ilikuwa ardhi ya serikali, ramani ya upimaji, na nenda mkaone mawe ya mipaka. Uliza majirani njia ya wavuvi ya kushuka ufuoni inapita wapi. Kama inapita katikati ya ploti, ondoka. Bei ikiwa chini mno, uliza pia kama unauziwa nyumba bila ardhi, desturi ya Pwani ambapo nyumba ni ya mmoja na ardhi chini yake ni ya mwingine anayelipwa kodi ya ardhi.

Mkataba uwe wa maandishi, uliosainiwa na kushuhudiwa. Kwa kawaida hulipwa asilimia 10 kwanza, na siku 90 hutolewa za kukamilisha. Fedha zishikwe na mawakili, zisiende kwenye simu ya mtu. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani: kiwanja cha shilingi milioni 6 kitakuongezea 240,000 au 120,000. Mthamini wa serikali ndiye huamua thamani ya kutozwa, hata kama mkataba umeandika pungufu. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji; iandikwe hivyo kwenye mkataba. Muuzaji akiwa na mke au mume, dai ridhaa yake ya maandishi.

Kuhusu shauri la kaka. Simshuku, na wewe usimshuku. Tatizo si moyo wake. Ibara ya 65 imeshaliona jambo hili: mali inayoshikiliwa kwa niaba ya mwingine huhesabiwa kuwa ya raia endapo tu wanufaika wake wote ni raia. Kwa hiyo hata mkiandikiana kwa siri kwamba yeye ni mlinzi tu wa mali yako, hujapata kilicho zaidi ya kukodi. Kwenye rejista, mali ni yake. Akidaiwa na benki, ni yake. Mkewe akidai mali ya ndoa, ni yake. Akifariki, inaingia kwenye mirathi ya watoto wake, nawe utabaki kuthibitisha mahakamani makubaliano mliyoyafanya ili yasionekane. Na siku akikurudishia kwa hiari, mtalipa ushuru wa stempu mara ya pili kwa mali ileile. Mwambie kaka kwa heshima kwamba sheria sasa inakupa njia iliyonyooka, na kumwepusha na mzigo huo ni kumlinda yeye pia.

Mume wako naye alindwe, kwani ni haki yake kujua atakaa wapi ukitangulia. Waweza kuandika wosia. Akirithi akiwa si raia, atapata kisichozidi miaka 99, ambayo kwa mtu mzima ni maisha yake yote. Mkitaka jina lake liwe kwenye hati tangu mwanzo, nyumba ya ghorofa yenye hati ya yuniti, yaani hati ya nyumba yenu peke yake ndani ya jengo, chini ya sheria ya 2020, kwenye ardhi ya kukodi na nje ya safu mbili za ufuo, ndiyo njia isiyo na usumbufu. Katiba pia inampa aliyeoana na raia kwa miaka saba au zaidi haki ya kuomba uraia.

Haya yote yanaishia mpakani Lunga Lunga. Ukivuka Horohoro, Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, na Sheria yao ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Ushauri wa jamaa wa Tanga unaweza kuwa sahihi kabisa kwao na ukakupotosha wewe.

Mwisho, hati ya uwakilishi, maana hutaweza kusafiri kila mara. Iandikwe kwa kazi moja na namba moja ya ploti, iwe na tarehe ya kuisha, na itaje wazi kwamba haitoi uwezo wa kuuza wala kuweka rehani. Isaini mbele ya notari huko uliko, uipitishe ubalozini, kisha isajiliwe Kenya kabla haijatumika. Hati asili za Malindi zisikae na mwakilishi. Ziache kwa wakili, na mwakilishi apewe nakala.